Dawa ya Jikoni na Haki ya Mgonjwa

Tangawizi si mmea wa asili wa vilima vya Kisii na Nyamira. Kwao ni Asia, wala haijulikani mahali popote inapoota mwituni. Huishi kwa mkono wa mkulima, avunjaye kipande cha shina lake la chini ya ardhi na kukifukia tena. Ilivuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, ikakaa pwani, kisha ikapanda bara polepole kwa njia ya biashara. Leo ukipita soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au soko la Keroka lililo mpakani mwa kaunti zote mbili, utaiona imepangwa mafungu mafungu kando ya vitunguu, yenye vidole vilivyopinda mithili ya mkono wa mzee. Mgeni huyu amekuwa mwenyeji hata wengi hudhani kuwa alizaliwa hapa.

Kazi yake ya kwanza ni chai. Katika nchi ambayo majani ya chai hufunika miteremko, na asubuhi huja na ukungu na baridi, kikombe chenye tangawizi si anasa. Lakini tangawizi ina cheo cha pili kilicho kikubwa kuliko cha kwanza. Mtoto akikohoa usiku, hupondewa kipande na kuchemshiwa. Mwenye mafua hupewa maji yake pamoja na ndimu na asali. Tumbo likisokota, mtu huambiwa atafune kibichi. Mama mwenye mimba anayetapika alfajiri hushauriwa anywe kidogo kidogo. Katika mahoteli mengi ya Kenya kikombe cha tangawizi, ndimu na asali huitwa "dawa" basi, bila jina jingine, kana kwamba ugonjwa duniani ni mmoja na tiba yake ni moja.

Hapa ndipo neno langu linapoanza, msomaji. Kwa haki gani twaamini kuwa kitu fulani ni dawa? Na tukikosea katika imani hiyo, ni nani alipaye deni? Swali la kwanza laonekana kuwa la daktari, na la pili la hakimu. Lakini yote mawili humhusu kila mtu mwenye sufuria na mgonjwa nyumbani mwake.

Nimeliuliza swali hili darasani mara nyingi, nami hupata majibu ya namna mbili. Wanafunzi wengine husema, "Mwalimu, wazee wetu waliitumia, nao waliishi miaka mingi." Wengine hucheka wakasema, "Hayo ni mambo ya kale. Dawa iko hospitali." Majibu haya hupigana kama majogoo, lakini ukiyatazama sana utaona kuwa ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza laiheshimu tangawizi kwa sababu ni ya wazee. La pili laidharau kwa sababu iyo hiyo. Katika hayo mawili hapana lililoitazama tangawizi yenyewe.

Tulipime la kwanza. Mafua huja, hukaa siku saba au kumi, kisha huondoka yenyewe. Je, mtu huanza kunywa tangawizi siku gani? Aghalabu ni siku ya tatu au ya nne, dhiki inapozidi. Siku ya nane amepona, naye atatoa sifa kwa kikombe. Jogoo naye huwika, kisha jua hutoka, lakini jogoo hakuliita jua. Zaidi ya hayo, waliopona husimulia, na masimulizi yao hukaa karibu na moto kizazi baada ya kizazi. Wasiopona hawana masimulizi, maana kaburi halitoi ushahidi. Hivyo sifa ya dawa yaweza kukua kwa miaka mia bila ya dawa hiyo kufanya kazi ya siku moja. Wala usidhani kuwa kosa hili ni la watu wasiosoma. Waganga wa Ulaya, wenye vyuo na vitabu, waliwatoa wagonjwa damu kwa karne nyingi wakiamini kuwa ni tiba. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipopatwa na ugonjwa wa koo mwezi wa Desemba mwaka 1799, alitolewa damu mara kadha wa kadha siku ile ile aliyokufa. Madaktari wake hawakuwa wajinga wala wabaya. Walifanya yaliyofanywa na waliowatangulia.

Jibu la pili nalo lina aibu yake. Mwaka 1995 serikali ya Marekani iliwapa watafiti wawili wa chuo kikuu cha Mississippi hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano ni jamaa ya tangawizi, na akina mama wa Bara Hindi walikuwa wakiyapaka vidondani tangu zamani. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, likaleta maandishi ya kale kuwa ushahidi, na mwaka 1997 haki ile ikafutwa. Tazama, basi, jinsi dharau ilivyo kipofu: kitu kilichochekwa kuwa cha jikoni kilionekana kuwa na thamani ya kugombewa mbele ya sheria.

Na wako waliotafuta wakapata. Katika karne ya nne mwandishi wa China aitwaye Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa ya vipindi achukue mmea uitwao qinghao, aulowanishe majini, aukamue na kunywa maji yake. Katika miaka ya 1970 hivi bibi mtafiti Tu Youyou na wenzake walikuwa wakijaribu mamia ya dawa za kienyeji dhidi ya malaria, na nyingi zilianguka. Mmea ule nao ulikuwa ukifaulu leo na kushindwa kesho. Aliposoma tena maneno ya Ge Hong aliona kuwa hayakutaja kuchemsha, yalitaja kukamua. Akatambua kuwa moto ulikuwa ukiua nguvu ya mmea, akatumia njia isiyo ya joto kali, ikafaulu. Dawa iliyotokana na kazi hiyo ndiyo iliyo msingi wa vidonge vya malaria vinavyotolewa leo katika zahanati za Kisii, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sipendi habari hii isimuliwe nusu, kama wanavyoisimulia wauza dawa wa njiani, wasemao, "Waona, mitishamba huponya!" Nusu ya pili ni kwamba mamia mengine yalijaribiwa na hayakuponya.

Namna ya kujaribu si siri ya mabingwa. Mwaka 1747 daktari wa merikebu ya Kiingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia wengi walioshikwa na kiseyeye, ugonjwa unaooza ufizi na kulegeza viungo. Alichagua 12 ambao hali zao zilifanana, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila wawili walipewa dawa yao, na zote zilikuwa na watu wa kuzitetea: siki, maji ya bahari, na nyinginezo. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Wawili wengine walipewa dawa ya kumeza, donge lenye ukubwa wa kungumanga, ambalo ndani yake mlikuwa na kitunguu saumu, haradali na manemane. Siku sita zilipopita, wale wa machungwa walikuwa wamesimama, na mmoja wao alirudi kazini. Wale wa kitunguu saumu hawakupata nafuu ya maana.

Nadhani habari hii yapaswa kufundishwa kwa ajili ya wale wawili wa mwisho. Kitunguu saumu ni kitu chema. Hata leo hapana jiko linalokifukuza. Ila hakikuwa dawa ya ugonjwa ule, na Lind hakuona aibu kuandika hivyo. Kosa lilikuja baadaye: alichapisha kitabu chake mwaka 1753, lakini jeshi la majini la Uingereza halikuagiza mabaharia wote wapewe maji ya malimau hata mwaka 1795. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, ukakumbuka kuwa kila mwaka ulikuwa na mazishi yake baharini.

Tangawizi nayo imesimamishwa mbele ya mizani hiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1988, vijana 80 wa jeshi la majini la Denmark waliokuwa hawajazoea bahari waligawanywa: wengine walipewa gramu moja ya unga wa tangawizi, wengine unga mwingine usio na dawa, wala hapana aliyejua alichomeza. Waliomeza tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao. Majaribio mengine yameonyesha kuwa yaweza kupunguza kichefuchefu cha wajawazito. Kwa hiyo yule magokoro, kama nyanya aitwavyo kwa Ekegusii, aliyemshauri mke wa mjukuu wake anywe maji ya tangawizi alfajiri, hakuwa akibahatisha. Kwa kikohozi na mafua, kikombe cha moto hulainisha koo na kumfariji mgonjwa, na hiyo si kazi ndogo. Ila asali iliyomo asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vinavyodhuru tumbo changa hata kuua. Lakini hapana jaribio lililoonyesha kuwa tangawizi huponya malaria, au homa ya mapafu, au kwamba ilizuia maradhi ya korona mwaka 2020, wakati watu walipozikimbilia tangawizi na ndimu sokoni kama ngao.

Huenda ukasema kuwa mizani hiyo ni ya wageni, na kwamba wazee wetu hawakuijua. Siafiki. Abagusii walikuwa na fundi aliyeitwa omobari, aliyepasua ngozi ya kichwa cha mtu aliyepigwa na kusumbuliwa na maumivu yasiyokwisha, akaukwangua mfupa wa fuvu kwa uangalifu, na wengi wa wagonjwa wake waliishi. Madaktari wa hospitali waliandika habari zake kwa mshangao katika miaka ya 1950. Sisemi kwamba mtu aende kukwanguliwa leo. Nasema kwamba omobari hakuwa na mahali pa kujificha. Kazi yake ilitendwa mchana, mbele ya ndugu wa mgonjwa, na matokeo yake yalitembea njiani au yalizikwa. Fundi asiyefaa alijulikana upesi. Ujuzi wa namna hii hujisahihisha wenyewe. Omoragori, yaani mpiga ramli, alikuwa na bahati nyingine: yeye alijibu juu ya mambo yasiyoonekana, na asiyeonekana hawezi kumkanusha mtu.

Sasa nije kwenye deni. Mtu mzima akiamini kuwa tangawizi itamponya, akajinywea, akangoja, kosa likiwapo atalilipa kwa mwili wake. Hiyo ni shauri yake, ingawa wenye kumpenda watasikitika. Lakini mara nyingi anayeamini si anayeumwa. Mama huamini, mtoto hunywa. Mtoto hakuchagua dawa, hana kinywa cha kusema, "Jana ilikuwa afadhali, leo hali ni mbaya." Hapo imani hugeuka kuwa kama fedha ya mwingine uliyowekewa mkononi. Waweza kuitumia, lakini huna ruhusa ya kuichezea.

Mfikirie mtoto wa miaka mitatu mwenye homa katika mojawapo ya vijiji vyetu. Mji wa Kisii upo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na baridi ya mahali hapa huwafanya watu waione malaria kuwa ugonjwa wa kando ya ziwa. Lakini katika miaka mingine joto na mvua huikaribisha mbu, kama ilivyokuwa mwaka 2002, mlipuko ulipoingia katika nyanda za juu za Kisii. Watu wa nyanda za juu, kwa kuwa hawaumwi malaria mara kwa mara, miili yao haina kinga kama ya watu wa ziwani, na ugonjwa huwaelemea wakubwa kwa wadogo. Malaria ya aina kali isipotibiwa yaweza kuwa ya hatari ya kifo katika muda wa saa 24. Basi kikombe cha kwanza cha tangawizi hakimdhuru mtoto huyo hata kidogo. Kinachomdhuru ni ule usiku uliopita watu wakisubiri kikombe kifanye kazi. Sumu haimo katika dawa. Imo katika saa.

Hata hivyo, usiwe mwepesi wa kumhukumu mama huyo. Pengine zahanati ni mbali na njia imekatwa na mvua. Pengine alikwenda mwezi uliopita akaambiwa dawa zimekwisha, akarudi na karatasi tu. Mtu asiyekuwa na nauli humpa mtoto kile alicho nacho, na akiita alicho nacho dawa, ni kwa sababu moyo hauwezi kukaa mikono mitupu. Kwa mtu wa namna hiyo swali langu la haki huhama. Humwendea aliyekabidhiwa njia, na aliyekabidhiwa ghala la dawa. Mimi nasema na wewe, ambaye unasoma, na ambaye siku moja huenda ukawa ndiye mwenye nauli, au ndiye mwenye ghala.

Liko deni jingine ambalo ni zito kulitaja, nami sitalitaja kwa urefu. Dawa isiyoruhusiwa kushindwa hutafutiwa sababu ya kushindwa. Ikiwa tangawizi ni njema siku zote, na mizizi ya mganga ni mizuri siku zote, na mgonjwa hakupona, basi lazima yuko mtu aliyemzuia asipone. Ndipo macho ya kijiji huanza kuzunguka, nayo mara nyingi hutua juu ya mwanamke mzee, mjane, asiye na wa kumtetea. Mwezi wa Mei mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto katika wilaya ya Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati katika eneo la Marani. Sisemi kwamba kikombe cha chai kiliwaua. Nasema kwamba mtu aliyezoea kusema, "Nilimpa dawa, haikufaa, labda haikuwa dawa yake," ana mahali pa kusimama umati unapopita mlangoni kwake. Asiyezoea kusema hivyo hana.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi hunisumbua nalo: je, kumwuliza mzee juu ya dawa yake si kumvunjia heshima? Katika desturi ya Abagusii, adabu iitwayo chinsoni huwatenga mzazi na mwana katika maneno mengi, na si vema kuipuuza. Lakini desturi iyo hiyo imeacha mlango wazi: mjukuu na nyanya yake hutaniana na kuulizana kwa uhuru. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda likizo kwao upande wa Nyamira, akamkuta nyanya yake akimenya tangawizi, akamwambia, "Magokoro, naomba nikuulize. Je, wako watu uliowapa hii wasipone?"

Alidhani atakemewa. Mzee aliweka kisu chini, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wako, mjukuu wangu. Zamani nilimpa mtoto wa jirani, alikuwa na homa, nikampa siku mbili. Tangu hapo mimi huitazama homa kwanza. Anayekohoa nampa kikombe. Mwenye mwili wa moto na kutetemeka, nampa nauli."

Kijana aliyaandika maneno hayo katika daftari lake, akaniletea shule zilipofunguliwa. Nikamwuliza yule mtoto wa jirani aliishia wapi. Akasema hakuuliza, kwa kuwa magokoro alikuwa amekwisha kuokota kisu na kuendelea kumenya.